UZI: Tangi la lita 16,000 lililowatoa wakulima wa Brazil mikononi mwa wanunuzi wa kura

Fundi Matangi (mleta uzi)

Wakuu, amani iwe nanyi. Kila Brazil ikitajwa humu, mazungumzo huwa mpira au soya. Leo nawaomba mnivumilie, twende kaskazini-mashariki ya nchi ile, sehemu wanayoiita Sertão, kwenye mbuzi, miba na vumbi.

Kazi yangu ni kujenga matangi ya kuvunia maji ya mvua. Huu ni mwaka wa 17, na mengi nimejenga upande wa Mpwapwa na Kongwa, mkoani Dodoma. Nilianza kufuatilia habari za Sertão kwa sababu ya ufundi wa tangi lao. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba tangi na siasa kule havitenganishiki, na hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Sertão ni nchi kame ya ndani: Ceará, Paraíba, Pernambuco, Rio Grande do Norte, Piauí, sehemu kubwa ya Bahia na majirani zao. Ni zaidi ya manispaa 1,200 na watu zaidi ya milioni 25. Mvua ya mwaka sehemu nyingi haifiki milimita 800, inanyesha miezi michache, tena kwa kubahatisha: shamba lako linapata, la jirani linakosa. Pori lake linaitwa Caatinga, neno la wenyeji Watupi lenye maana ya msitu mweupe, kwa kuwa kiangazi miti hupukutisha majani yote vikabaki vigogo vyeupe. Mgogo akishushwa pale usiku, asubuhi atajua yuko kwao mpaka asikie watu wakisalimiana kwa Kireno.

Ukame wa 1877 hadi 1879 uliua mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Ceará. Mwaka 1915, halafu 1932, serikali iliweka kambi za uzio katika jimbo hilo kuwazuia wenye njaa wasifike mji wa Fortaleza. Wananchi waliziita mazizi ya serikali. Jamani, binadamu anakimbia kiu, anafungiwa zizini ili wenye mji wasimwone.

Tangu 1909 kulikuwa na idara ya serikali kuu ya kushughulikia ukame, na kwa miongo mingi kazi yake kubwa ilikuwa kujenga mabwawa. Sasa uliza: bwawa lilijengwa kwenye ardhi ya nani? Mara nyingi ya kanali. Huyu si kanali wa jeshi. Ni mwenye ardhi mkubwa. Cheo hicho kilitoka enzi za Walinzi wa Taifa wa karne ya 19, kikabaki jina la bwana mkubwa wa eneo. Fedha ya bwawa ni ya umma, lango la bwawa ni lake. Anayetaka maji anakwenda kuomba, na siku ya kura anakumbushwa alikunywa maji ya nani. Wabrazili wana jina lake: kura ya hatamu, maana mpiga kura anavutwa kwa kamba kama punda. Na biashara nzima ya kutajirika kwa kiu ya watu wakaiita kiwanda cha ukame.

Baadaye likaja boza, lori la kubebea maji. Meya au diwani anaamua boza lianzie kijiji kipi. Waliomwunga mkono wanajaza madumu, waliompinga wanahesabu siku.

Hili linanigusa. Nikiwa darasa la 4, mama alikuwa akiniamsha saa 9 usiku twende korongoni kufukua maji mchangani kabla ya foleni. Mwaka mmoja wa uchaguzi tuliletewa pampu. Uchaguzi ukapita, pampu ikafa, na aliyepaswa kuitengeneza alikuja siku tulipompelekea mbuzi. Mbuzi yule alikuwa wa bibi yangu. Hakuwa na mwingine.

Nakunywa chai, nitarudi na tangi lenyewe.

Mjukuu wa Bwana Shamba

Mkuu nimeweka mkeka. Ila swali moja kabla hujaendelea: kama mabwawa yapo, kwa nini maji hayakufika kwa watu? Ni siasa tu, au kuna jambo la kitaalamu?

Fundi Matangi

Yote mawili, ndugu yangu. Jua la kule linaweza kuvuta zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso wa bwawa, wakati mvua haifiki 800. Bwawa la wazi unamchotea jua. Halafu liko sehemu moja, na nyumba za wakulima wadogo zimetawanyika maporini, moja huku, nyingine kilomita mbili mbele. Mama anatembea, anachota maji waliyokunywa ng'ombe, anarudi nayo, watoto wanaharisha.

Mwaka 1999, mwezi Novemba, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa kuenea kwa jangwa mjini Recife. Pembeni ya mkutano ule wakakutana vyama vya wakulima, vyama vya vibarua wa mashambani, watu wa makanisa na mashirika madogo madogo, wakatoa tamko lao. Hapo ukazaliwa mtandao wa ASA. Miaka yote serikali ilisema "kupambana na ukame". Wao wakasema "kuishi na nchi kame". Ukame haukuvamii, ni hali ya nchi yako, babu yako aliukuta. Kwa hiyo jenga nyumba inayoujua. Wakaweka lengo la matangi milioni moja, na kuanzia 2003 serikali kuu ikaanza kulifadhili kwa uzito.

Tangi sasa. Inasimuliwa kwamba ufundi wake ulitokana na mwashi mmoja wa Sergipe aliyekwenda São Paulo kutafuta kibarua kama walivyofanya maelfu ya watu wa kwao, akajifunza kujenga mabwawa ya kuogelea kwa mabamba ya saruji. Aliporudi nyumbani akauhamishia ufundi ule kwenye maji ya kunywa.

Unachimba shimo la duara karibu na nyumba. Familia yenyewe inachimba. Mabamba unayamimina hapo hapo chini, mchanga na saruji kwenye fremu, membamba, yenye mpindo kidogo ili yakisimamishwa yafuate duara. Yakikauka unayasimamisha mmoja mmoja juu ya sakafu ya zege, unayaegemeza kwa miti, unajaza viungo. Halafu kwa nje unazungusha waya kuanzia chini kwenda juu, raundi baada ya raundi, umekaza. Waya ndio unaobeba nguvu ya maji, wakuu, si saruji. Nilipoona picha ya fundi akizungusha waya ule nilisimama nikaenda kulitazama tangi langu la Chamkoroma lililopasuka 2014. Mimi nilikuwa nategemea unene wa ukuta. Baada ya waya unapiga plasta ndani na nje, unafunika kwa mabamba ya pembetatu, unapaka chokaa. Jeupe, limefunikwa, theluthi mbili yake iko ardhini, jua halilipati.

Hesabu yake: paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 500, unapata lita 20,000. Toa zinazomwagika, tangi la 16,000 linajaa. Familia ya watu 5 kwa miezi 8 ya kiangazi inakuwa na lita 66 kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Za kufulia na za mbuzi zinatafutwa kwingine. Si maji mengi. Ila yako mlangoni na ufunguo ni wako.

Binti wa Makueni

Asante sana kwa uzi huu, kaka Fundi. Huku kwetu Ukambani pia tunajua habari ya kutembea na mtungi na punda. Nauliza, ni nani alikuwa anaamua nyumba gani ipate tangi? Kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika. Likipita kwa mkono wa mwanasiasa, tumerudi pale pale.

Fundi Matangi

Dada yangu, umegonga penyewe. Walikataa lipite kwa meya. Kila manispaa iliundwa kamati ya vyama vya wananchi, na vigezo vikawekwa wazi: familia ya kipato cha chini, nyumba inayoongozwa na mwanamke, yenye watoto wadogo, wazee au walemavu, hao wanatangulia. Kabla ya ujenzi familia inahudhuria mafunzo ya kutunza maji. Waashi wanafundishwa kutoka kijiji hicho hicho, na wanawake wengi wakawa mafundi. Mwanzoni waume waliguna, mwanamke kushika mwiko wa plasta ni habari gani? Lakini siku za ndoo zilikuwa zake. Anajua ufa mmoja una maana gani.

Na sasa sehemu niliyoifungulia uzi. Watafiti wa uchumi na siasa walifuatilia hili kati ya 2012 na 2013. Familia zilizokuwa zinangoja zilipangwa kwa bahati nasibu, vijiji vingine vikapata matangi kwanza, vingine baadaye. Mwaka 2012 kulikuwa na ukame mkali na uchaguzi wa mameya, vyote pamoja. Waliopata tangi walipunguza kwenda kwa wanasiasa kuomba msaada: dawa, saruji, nauli, maji. Wakaendelea kupunguza hata mwaka uliofuata usio na uchaguzi. Na katika vituo vya kupigia kura vyenye wenye matangi wengi, kura za meya aliyekuwa madarakani zilishuka.

Soma tena taratibu. Walijengewa tangi tu.

Serikali nayo ilijaribu njia ya mkato. Mwaka 2011 ikaanza kusambaza matangi ya plastiki yaliyonunuliwa kiwandani, kama simtanki zetu. Yanakuja kwenye lori, yanashushwa, basi. Desemba mwaka ule maelfu ya wakulima waliandamana Petrolina, kwenye mto São Francisco, kuyapinga. Mtu wa mjini angeshangaa, maskini anakataa tangi la bure? Lakini waliona mbali: saruji inanunuliwa duka la kijijini, ujira unabaki kwa fundi wa kijijini, likipasuka kuna wa kuliziba. La plastiki linarudisha ugawaji kwa mwenye lori. Na jua la kule lilikunja baadhi ya yale matangi yakabonyea.

Mwana Agronomia

Mkuu Fundi, uzi mzuri, ila nitatofautiana kidogo. Maendeleo ya vijijini Brazil hayakuletwa na matangi. Yaliletwa na sayansi na kilimo kikubwa. Cerrado, nyika ya katikati yenye karibu kilomita za mraba milioni 2, mpaka miaka ya 1960 ilidharauliwa: udongo una asidi, alumini nyingi, fosforasi hakuna. Mwaka 1973 ikaanzishwa taasisi ya utafiti ya Embrapa, vijana wakapelekwa nje kusomea shahada za uzamivu, wakarudi wakamwaga chokaa, wakazalisha soya inayovumilia siku fupi za tropiki. Johanna Döbereiner akasimamia bakteria wa kwenye mizizi, soya ikajitengenezea naitrojeni yenyewe. Mwaka 2006 Edson Lobato na Alysson Paolinelli, pamoja na Mmarekani Colin McClung, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Msimu wa 2022/23 soya ilivuka tani milioni 150. Hapo ndipo pa kujifunza.

Ng'ombe wa Kitale

Naongezea kwa Mwana Agronomia: malisho yaliyoibeba Cerrado ni brachiaria, nyasi za kwetu Afrika. Ile aina ya Basilisk mbegu yake ilitoka Uganda ikapitia Australia ndipo ikafika Brazil. Leo sisi wafugaji Kenya tunaletewa brachiaria iliyoboreshwa kutoka Amerika Kusini. Nimepanda ekari moja, ng'ombe wameongeza maziwa. Nyasi ya jirani yako unainunua ikiwa imezunguka dunia.

Fundi Matangi

Ng'ombe wa Kitale, hilo la nyasi ni kubwa, lifungulie uzi wake tafadhali.

Mwana Agronomia, siibishii sayansi ya Embrapa, naiheshimu, na natamani taasisi zetu zipewe fedha na uvumilivu wa namna ile. Lakini jiulize waliovuna ni akina nani. Sensa ya kilimo ya 2017 ilihesabu mashamba kama milioni 5. Yenye zaidi ya hekta 1,000 hayafiki hata 52,000, yaani asilimia 1 hivi, nayo yameshika karibu asilimia 48 ya ardhi yote ya kilimo. Mashamba ya familia ni asilimia 77 kwa idadi, na ardhi yao asilimia 23.

Hali hii ina tarehe. Mwaka 1850 sheria ya ardhi ilisema ardhi ya serikali itapatikana kwa kununuliwa tu. Utumwa ukafutwa 1888. Mtu anatoka utumwani mikono mitupu, na ardhi inauzwa. Na wasiotaka kununua walighushi. Mwizi wa ardhi kule anaitwa grileiro, kutokana na grilo, yaani nyenje: hati ya uongo ilifungiwa kwenye droo pamoja na nyenje, wadudu wakaitafuna pembeni, wakainyea ikawa ya manjano, ikionekana ni ya enzi za babu. Ninapoiwazia droo ile huwa naumia tumbo. Kuna familia zilifukuzwa mashambani kwa karatasi iliyozeeshwa na wadudu.

Mwaka 1955 wakulima wa Galileia, shamba la zamani la miwa Pernambuco, waliunda chama cha kusaidiana. Mojawapo ya haja zao ilikuwa mazishi. Maskini alizikwa kwa jeneza la manispaa: linambeba mpaka kaburini, anatolewa, linarudishwa likamngoje mwingine. Walitaka kila mtu alale ndani ya jeneza lake. Mwenye shamba akawaona ni hatari, akataka kuwafukuza. Wakili Francisco Julião akawatetea, na Ligi za Wakulima zikasambaa. Mwaka 1959 jimbo likawapa ardhi ile. Aprili 1962 kiongozi wa ligi ya Sapé huko Paraíba, João Pedro Teixeira, akauawa kwa risasi. Mkewe Elizabeth akaendeleza kazi. Tarehe 13 Machi 1964 Rais João Goulart alitangaza hadharani hatua za mageuzi ya ardhi. Haikufika mwezi, jeshi likampindua.

Wasio na ardhi walirudi tena mwaka 1984 na harakati yao iitwayo MST, mahema ya plastiki nyeusi kando ya barabara. Tarehe 17 Aprili 1996 polisi wakaua wakulima 19 Eldorado do Carajás, jimbo la Pará. Kwa hiyo mtu akiniambia Brazil ni chokaa na mbegu, namwomba ahesabu na makaburi.

Nakubali upande mmoja bila kona: tangi halikugawa ardhi. Mwenye hekta 3 amebaki na hekta zake 3.

Mjukuu wa Bwana Shamba

Sasa huo ukame wa 2012 uliishaje? Tangi la miezi 8 haliwezi kushinda ukame wa miaka.

Fundi Matangi

Haliwezi, kweli. Ukame ule uliendelea mpaka karibu 2017. Mifugo ilikufa kwa wingi, na matangi mengi yalijazwa na boza, safari hii chini ya usimamizi wa jeshi, ili mameya wasiliendeshe watakavyo. Lakini hakukuwa na misafara ya watu wenye njaa kwenda mijini wala watu kuvunja maduka ya chakula kama zamani. Tangi lilikuwa na wenzake. Katiba ya 1988 iliwapa wakulima wadogo pensheni ya mshahara wa kima cha chini, mwanamke akifika miaka 55 na mwanaume 60, na mwanamke anaipata kwa jina lake mwenyewe. Bolsa Família, ruzuku ya serikali kwa familia maskini, ikaanza 2003, fedha inaingia kwa mama kwa kadi. Sheria ya 2009 ikasema angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule inunue kwa wakulima wa familia. Kule Uauá, Bahia, kuna ushirika unaosindika matunda ya mti wa porini uitwao umbu. Mti ule unahifadhi maji kwenye mizizi, na jamu yake ikaingia mashuleni. Yote hayo ni haki iliyoandikwa, haipitii mlango wa diwani.

Wanasiasa hawakuacha kuyapenda maji, msidhani. Mradi wa kuhamisha maji ya São Francisco ulianza 2007, na askofu Luiz Cappio aligoma kula mara mbili, 2005 na 2007, kuupinga. Maji yalipofika Monteiro, Paraíba, Machi 2017, Rais Temer akaenda kuzindua. Siku 9 baadaye Lula na Dilma, marais waliomtangulia, nao wakaenda Monteiro, umati ukazindua tena mfereji ule ule. Matangi kipindi hicho bajeti yake ilikatwa mpaka karibu kwisha, ikafufuliwa 2023. Nadhani mnaona kwa nini. Mfereji unakatiwa utepe. Tangi la nyuma ya nyumba ya bibi halina utepe.

Binti wa Makueni

Kaka, la mwisho. Mama yangu ana tangi linalovuna maji ya mabati yake hapa lakini maji ya kwanza ya mvua huwa machafu, yananuka. Hao wa Brazil wanafanyaje?

Fundi Matangi

Bomba la gata linaachwa limechomolewa kiangazi chote. Mvua ya kwanza inaosha paa: kinyesi cha ndege, majani, vumbi la miezi 8. Hiyo inamwagika chini. Paa likishatakata ndipo bomba linarudishwa kwenye tundu, na mdomo wake unafungwa kitambaa safi au wavu wa kuchujia. Maji yanatolewa kwa pampu ya mkono, si kwa ndoo ya kamba, maana ndoo inatua chini, inatua kwenye kinyesi cha kuku, inarudi tangini. Mfuniko unakaa na kufuli. Kila mwaka kabla ya mvua anaingia mtu mwembamba na brashi, na mwambie mama asiliache kavu kabisa baada ya kulisafisha. Aache maji kidogo chini, plasta ikikauka sana inapasuka.

Nitumie hapa urefu na upana wa paa lake na mvua ya kwenu kwa mwaka, nikupigie hesabu kama tangi alilonalo linatosha.